Jinsi ya Kumchagua Mkandarasi wa Kukausha Nyumba Iliyoingia Maji: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Dar es Salaam na Pwani

Maji ya masika yakishatoka ndani ya nyumba, watu wa kwanza kubisha hodi huwa ni wapaka rangi, wapiga lipu na wauzaji wa dawa za kuzuia maji. Wengi wao ni mafundi wazuri katika kazi zao, lakini kazi inayotakiwa wakati huo si ya rangi wala ya lipu. Kinachotakiwa ni kuyatoa maji yaliyojificha ndani ya ukuta, chini ya marumaru na nyuma ya kabati za jikoni, kabla ya kitu chochote kufunikwa. Ukuta uliopakwa rangi ungali na maji ndani yake hutoa malengelenge, hubanduka na kuota ukungu, na mwenye nyumba hujikuta akiilipia kazi ileile mara ya pili.

Mwongozo huu umeandikwa kwa msingi mmoja: ukavu wa nyumba hupimwa kwa chombo, haukadiriwi kwa macho wala kwa kiganja. Mkandarasi anayefaa ni yule anayepima kabla ya kutaja bei, anayeendelea kupima kila siku ya kazi, na anayekubali malipo yake ya mwisho yategemee vipimo hivyo. Mengine yote yaliyoelezwa hapa chini, kuanzia vyeti hadi mkataba, yanakuja baada ya hilo.

Kabla ya kumwita mtu yeyote

Zima umeme kwenye meini swichi, mradi unaweza kuifikia bila kukanyaga maji. Ikiwa swichi yenyewe imeloa au imezungukwa na maji, usiiguse. Piga simu TANESCO wakukatie kutoka nje. Usirudishe umeme kwa sababu tu sakafu inaonekana kavu, kwa kuwa soketi nyingi za nyumba zetu zimewekwa chini, na mabomba ya nyaya yaliyofukiwa ukutani huweza kubaki na maji hata baada ya siku kadhaa.

Chanzo cha maji kizibwe kwanza. Bomba lililopasuka lifungwe, tenki la juu linalofurika litengenezwe, bati linalovuja lizibwe. Hakuna mkandarasi awezaye kukausha nyumba inayoendelea kuingia maji, na anayekubali kuanza kazi katika hali hiyo anakula fedha zako.

Piga picha za kila chumba, pamoja na alama iliyoachwa na maji ukutani, na uandike urefu wake kutoka sakafuni kwa sentimita. Andika pia siku na saa maji yalipoingia na yalipotoka. Taarifa hizi zitamsaidia mkandarasi, na zitakusaidia zaidi mbele ya kampuni ya bima. Ukishapiga picha, toa nje mazulia, magodoro na nguo zilizoloa bila kumngoja mtu, kwa sababu ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 tangu kitu kiloe, na joto la pwani haliupunguzii kasi.

Hatua ya 1: Tambua ni maji ya aina gani

Maji safi ya bomba au ya tenki ni jambo moja. Maji ya mashine ya kufulia au ya kuogea ni jambo la pili. Maji ya mafuriko yaliyopita mtaani ni jambo la tatu, na ndilo zito kuliko yote. Mgawanyo huu wa makundi matatu ndio unaotumiwa na wataalamu wa ukaushaji duniani, na umeelezwa katika kiwango kiitwacho S500 cha IICRC, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1972 ambayo hutoa vyeti kwa mafundi wa kazi hii.

Kwa wakazi wa bonde la Msimbazi, Jangwani, Kigogo, Tandale na maeneo mengine ya mabondeni, hakuna haja ya kujiuliza sana. Sehemu kubwa ya jiji hutumia vyoo vya shimo na makaro, na mafuriko yanapopita huyabeba yaliyomo. Maji hayo ni ya kundi la tatu hata kama yanaonekana kama maji ya mvua tu. Mkandarasi atakayeshika nyumba ya namna hiyo ni lazima aoshe kwa sabuni, atie dawa ya klorini, na atupe vile visivyoweza kusafishwa, ndipo aanze kukausha. Ukimsikia anazungumzia feni kabla ya kuzungumzia usafi, mshukuru na umuage, kwa kuwa feni zinazopuliza juu ya tope la kinyesi hurusha uchafu huo hadi vyumba ambavyo havikuguswa na maji.

Muulize pia atachanganya dawa zake vipi. Klorini haichanganywi kamwe na dawa za choo zenye asidi wala na dawa zenye amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Fundi anayeijua kazi hujibu swali hilo papo hapo.

Hatua ya 2: Tafuta majina matatu na uhakiki karatasi zao

Usiridhike na jina moja. Waulize majirani waliowahi kuingiliwa na maji, waulize wahandisi na wasanifu majengo unaowafahamu, iulize kampuni yako ya bima. Katika miji yetu si rahisi kumpata mtu ambaye kazi yake ni ukaushaji peke yake. Mara nyingi utaangukia kwa kampuni ya ujenzi, kampuni ya usafi wa majengo, au mafundi wa viyoyozi wenye mashine za kuvuta unyevu. Hilo si kasoro. La msingi ni kuwa ndani ya kundi hilo awepo mtu anayejua kupima unyevu, na awepo fundi umeme mwenye leseni.

Tanzania Bara, makandarasi wa ujenzi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, chini ya sheria ya mwaka 1997, na makandarasi wa majengo hupangwa kuanzia daraja la 1, ambalo ndilo kubwa, hadi la 7. Omba namba ya usajili na uihakiki kwa CRB wenyewe, wala usitosheke na nakala ya cheti aliyokuonyesha kwenye simu. Kampuni iwe imesajiliwa BRELA, iwe na namba ya mlipakodi, na itoe risiti ya EFD. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA. Uliza pia kama wafanyakazi wake wamesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, maana nyumba iliyoloa ni mahali pa hatari, na mtu akianguka kwenye ngazi au akapigwa na umeme kwako, hutaki mjadala wa nani anamtibu uanzie mlangoni pako.

Kwa walioko Kenya, makandarasi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na madaraja yake huanzia NCA 1 hadi NCA 8. Mafundi umeme hupewa leseni na EPRA.

Hata hivyo, usajili wa ujenzi unathibitisha kuwa mtu anaruhusiwa kujenga. Hauthibitishi kuwa anajua kukausha. Mkandarasi mkubwa aliyejenga maghorofa anaweza kuwa hajawahi kushika kipima unyevu, na kampuni ndogo yenye watu wanne ikawa imekausha nyumba nyingi vizuri. Ukikutana na mtu mwenye cheti cha IICRC cha ufundi wa ukaushaji, ambacho hufupishwa WRT, mpe uzito. Lakini uamuzi wenyewe ufanye baada ya kumwona akikagua.

Hatua ya 3: Mtazame anavyokagua

Hapa ndipo penye uamuzi, na ningemshauri kila mwenye nyumba awepo mwenyewe, asimwachie mlinzi wala dada wa kazi. Usikubali bei iliyotolewa kwa simu au kwa picha za WhatsApp. Kila mmoja wa wale watatu aje, akague, na wewe utembee naye chumba kwa chumba.

Mkandarasi anayejua kazi huanza kwa kuuliza: maji yalitoka wapi, yalikaa muda gani, yalifika wapi. Kisha hutafuta mahali ambapo maji hayakufika, kwa mfano ukuta wa chumba cha juu au upande wa nyumba ulioinuka, na kupima hapo kwanza. Kipimo hicho cha ulinganisho ni cha lazima, kwa sababu bila kujua ukuta wako mkavu una namba gani, namba ya ukuta uliolowa haina maana yoyote.

Baada ya hapo hupima kwa kupanda kutoka chini kwenda juu. Tofali la saruji hunyonya maji na kuyapandisha, hivyo unyevu huvuka ile alama unayoiona. Chukua mfano wa ukuta wa chumba cha kulala ambao alama ya mafuriko imeishia sentimita 60. Fundi anapima pointi nne kwa kifaa chenye mizani ya 0 hadi 100: sentimita 10 kutoka sakafuni anapata 78, sentimita 50 anapata 71, sentimita 100 anapata 40, sentimita 150 anapata 18. Ukuta wa ulinganisho umempa 15. Namba hizo zinasema kuwa maji yamepanda hadi kupita mita moja, ingawa kwa macho ukuta unaonekana mkavu tangu sentimita 60. Fundi asiyepima angekwangua lipu hadi kwenye alama, akapiga lipu mpya, na ndani ya miezi michache doa lingejitokeza juu ya kazi yake.

Mtazame pia kama anaweka alama ya penseli au kipande cha utepe kwenye kila pointi aliyopima. Asipoweka, kesho hatapima mahali palepale, na namba za siku mbili tofauti hazitalinganishwa.

Kuna jambo la pwani ambalo mkandarasi wako lazima alijue. Vipima unyevu vingi hufanya kazi kwa kupitisha umeme kidogo kati ya sindano mbili, na vimetengenezwa hasa kwa ajili ya mbao. Ukutani huathiriwa na chumvi. Ukuta uliojengwa kwa mchanga wenye chumvi, au uliowahi kuguswa na maji ya bahari, huonyesha namba kubwa hata pale unyevu wake ni mdogo. Na chumvi yenyewe huvuta unyevu kutoka hewani. Ule unga mweupe unaojitokeza chini ya kuta ndio dalili yake. Muulize: “Ukipata namba kubwa kwenye ukuta wenye chumvi, utajuaje kama ni maji au ni chumvi?” Jibu zuri litataja kutoboa tundu dogo na kupima unga wa ndani ya ukuta kwa njia ya kabaidi (unga huchanganywa na kemikali hiyo ndani ya chupa iliyofungwa, na gesi inayotoka huonyesha kiasi cha maji), au kupima unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani ya tundu hilo. Anayejibu kuwa kifaa chake hakikosei hajawahi kufanya kazi Kigamboni wala Tanga.

Sakafu isisahaulike. Agonge marumaru kwa mpini wa bisibisi au kwa sarafu, akisikiliza zinazotoa mlio wa utupu, kwa kuwa chini ya hizo maji huweza kutuama. Avute droo ya chini ya kabati za jikoni na kumulika tochi nyuma. Apande darini kama maji yalitoka kwenye bati, kwa sababu dari la jipsamu lililolowa huwa zito na linaweza kuanguka bila ishara yoyote. Afungue milango akitazama kama imevimba na kukwama kwenye fremu. Apime mbao za fremu hizo. Kwa mbao namba za kifaa zinaaminika zaidi, na mbao inayobaki juu ya asilimia 20 ya unyevu iko katika hatari ya kuoza.

Ukaguzi wa aina hii hauwezi kufanyika kwa dakika kumi. Anayetembea nyumba nzima mikono mfukoni na kutoa bei mlangoni amekwisha kukuonyesha namna atakavyofanya kazi.

Hatua ya 4: Mwombe mpango wa ukaushaji kwa maandishi

Mpango useme ni vitu gani vitaondolewa, vipi vitakaushwa mahali vilipo, kwa mashine gani, ngapi, kwa muda gani, na namba zipi zitahesabiwa kuwa ni ukavu. Karatasi mbili zinatosha, mradi ziseme mambo hayo.

Kuhusu vya kuondolewa, kabati za mbao za kubandika zilizovimba hazirudi katika hali yake, na jipsamu iliyolowa maji ya mafuriko hutupwa. Milango ya mninga au mkongo inaweza kuokolewa ikikaushwa polepole. Ukuta wa tofali haubomolewi kwa sababu umelowa. Kinachoweza kukwanguliwa ni rangi ya mafuta au lipu iliyoachana na tofali, kwa sababu tabaka hilo huzuia maji kutoka. Jihadhari na mkandarasi anayetaka kubomoa kila kitu, na jihadhari vilevile na asiyetaka kuondoa chochote.

Swali la madirisha ndilo linalowatofautisha wanaojua na wasiojua. Watu wengi huamini kuwa kufungua madirisha siku zote hukausha. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takribani gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Mashine ikiushusha unyevu wa chumba kilichofungwa hadi asilimia 45 katika joto lilelile, hewa hiyo hubaki na gramu kama 14, na hapo ndipo maji ya ukutani hupata nafasi ya kutoka. Ukifungua dirisha wakati wa masika unaingiza tena gramu zilezile ulizolipia kuzitoa. Kinyume chake, kipupwe kikiingia kuanzia Juni, hewa ya nje mchana huwa kavu zaidi na madirisha yanaweza kufunguliwa kwa saa kadhaa kwa faida. Mkandarasi aeleze ni lini atafunga na lini atafungua, na abebe kipimo cha unyevu wa hewa cha kumwambia hivyo.

Feni peke yake ndani ya chumba kilichofungwa haikaushi nyumba. Huhamisha maji kutoka ukutani hadi hewani, na hewa ikishiba kazi husimama. Feni na mashine ya kuvuta unyevu hufanya kazi pamoja. Muulize uwezo wa mashine zake, na kama anakutajia “lita 50 kwa siku”, muulize kipimo hicho kilichukuliwa katika hali gani. Watengenezaji wengi hutaja uwezo wa mashine katika nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kadiri chumba kinavyokauka, lita hupungua sana. Kwa hiyo ndoo kujaa siku ya kwanza na kukusanya maji kidogo siku ya nne si lazima iwe hitilafu, na ndoo tupu siyo ushahidi wa ukuta mkavu.

Kamwe usikubali jiko la mkaa liwashwe ndani ili kukausha, wala jenereta au pampu ya petroli iendeshwe ndani ya nyumba. Vyote hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jiko la gesi nalo halifai, kwa kuwa gesi inapoungua huzalisha mvuke wa maji, nawe unalipa kuyatoa maji.

Fanya pia hesabu ya LUKU kabla ya kukubali. Mashine ya wati 700 inayofanya kazi saa 24 hutumia yuniti 16.8 kwa siku, na feni tatu za wati 150 zitaongeza yuniti 10.8. Mteja wa kundi la D1, ambaye bei yake nafuu huishia kwenye yuniti 75 kwa mwezi, atazimaliza ndani ya siku tatu. Ijulikane mapema nani ananunua umeme, na itakuwaje umeme ukikatika.

Juu ya muda, uwe tayari kusikia usichokipenda. Kwa ukuta unaoachwa ukauke wenyewe, wajenzi hukadiria kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hali ya hewa ikiwa nzuri. Mashine hufupisha muda huo, lakini ukuta wa tofali la inchi 6 uliokaa ndani ya maji kwa siku mbili haukauki mwishoni mwa wiki. Anayeahidi siku tatu kwa nyumba nzima anakusudia kukausha ngozi ya ukuta tu. Miongoni mwa bei tatu utakazopata, mara nyingi aliyetaja siku nyingi ndiye aliyeufikiria ukuta kwa undani.

Nyumba za mawe ya matumbawe za Zanzibar, Mombasa na Lamu zinataka uangalifu wa pekee. Kuta zake ni nene, zimejengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na chokaa hupitisha mvuke. Mkandarasi anayependekeza kuifunika kwa lipu ya saruji au rangi isiyopitisha hewa “ili maji yasiingie tena” anayafungia maji ndani ya jiwe, na boriti za mbao zilizochomekwa ukutani huoza bila kuonekana. Kwa kuta hizo tafuta fundi wa chokaa, zikaushwe taratibu bila joto kali. Ikiwa nyumba iko Mji Mkongwe, wasiliana na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kubomoa au kubadilisha chochote, kwani mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Hatua ya 5: Bei na mkataba

Linganisha bei tatu kwa kuzisoma kipengele kwa kipengele. Bei moja nzima isiyochanganuliwa haikusaidii kujua unanunua nini. Itenganishwe: kutoa maji na tope, kusafisha na kutia dawa, kukodi mashine kwa siku, kazi ya fundi umeme, kutupa taka, na kupima. Ujenzi mpya, yaani lipu, rangi na kabati, uwe na makubaliano yake peke yake, tena uanze baada ya ukaushaji kukamilika. Mtu anayekausha na kupaka rangi kwa mkataba mmoja ana haraka ya kufika kwenye rangi, kwa kuwa huko ndiko faida yake iliko.

Malipo ya awali yasizidi theluthi moja kwa maoni yangu, na angalau robo ya fedha ibaki mkononi mwako hadi vipimo vya mwisho. Mkataba utaje kiwango cha ukavu: kwa kuta, namba ya kila pointi ikaribie namba ya ukuta wa ulinganisho; kwa mbao, chini ya asilimia 16; kwa sakafu itakayofunikwa kwa mbao au zulia la kubandika, unyevu wa hewa uliopimwa juu ya zege usizidi asilimia 75, ambacho ndicho kikomo kinachotumika katika viwango vya Uingereza. Uandikwe pia utaratibu wa kazi kuzidi siku zilizokadiriwa, kwa sababu kukodi mashine kwa siku bila ukomo kunaweza kugeuka mzigo. Pendekezo langu ni kuweka idadi ya siku za juu kabisa, na kila siku ya ziada ikubaliwe kwa maandishi baada ya kuonyeshwa vipimo.

Hatua ya 6: Kama una bima

Wajulishe bima kabla ya kubomoa kitu, isipokuwa kile kinachohatarisha maisha au kuongeza hasara. Soma hati yako uone kama mafuriko na maji ya bomba vimo, kwani bima nyingi za nyumba ni bima za moto zilizoongezewa majanga mengine, na nyongeza hizo huwepo tu pale ulipozilipia. Hifadhi kipande cha kila kitu kilichotupwa, pamoja na picha. Usitie sahihi karatasi inayompa mkandarasi haki ya kupokea fidia kwa niaba yako. Mgogoro ukitokea, msimamizi wa kampuni za bima Tanzania ni TIRA, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anayepokea malalamiko ya wateja.

Hatua ya 7: Simamia kazi na uipokee kwa vipimo

Kila siku ya kazi kuwe na ukurasa mmoja: tarehe, saa, joto na unyevu wa hewa ndani na nje, na namba ya kila pointi iliyowekewa alama. Piga picha ukurasa huo. Namba zinatakiwa kushuka. Zikikaa palepale kwa siku tatu mfululizo, muulize amebadilisha nini. Huenda feni zinahitaji kuhamishwa, huenda rangi ya mafuta inauziba ukuta, huenda maji yanaendelea kuingia kutoka mahali fulani.

Umeme usirudishwe hadi fundi mwenye leseni apime uimara wa mpira wa nyaya kwa mega, yaani kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kupitia mpira huo. Kwa nyumba ya volti 230, kipimo hicho hufanywa kwa volti 500, na kila saketi inapaswa kuonyesha megaomu 1 au zaidi. Akupe namba hizo kwa maandishi, saketi kwa saketi.

Siku ya kukabidhiana, mwombe apime pointi zote mbele yako, kisha ufanye jaribio lako mwenyewe sakafuni. Chukua kipande cha nailoni safi na kizima, chenye ukubwa wa sentimita 45 kwa 45, ukibandike juu ya zege lisilo na marumaru kwa utepe pande zote, na ukiache saa 16. Ukikibandua na kukuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi kuliko lilivyokuwa, bado kuna maji yanayotoka, na robo ya fedha iliyobaki haijaiva kulipwa. Jaribio hili haligharimu chochote, ingawa nailoni kuwa kavu peke yake hakutoshi kuthibitisha kuwa sakafu imekauka hadi chini.

Kabla ya kumlipa, kubalianeni kwa maandishi kuwa atarudi baada ya wiki nne kupima pointi zilezile zenye alama. Fundi rangi asiitwe kabla ya siku hiyo. Namba zikiwa zimebaki chini, endelea na lipu na rangi, ukianza na vyumba vilivyokauka mapema. Zikiwa zimepanda, chimbeni kutafuta chanzo: bomba lililofukiwa, karo lililo jirani na msingi, au maji ya ardhini yanayopandishwa na msingi usio na nailoni ya kuzuia unyevu, ambalo ni tatizo la mjenzi na linahitaji mkandarasi wa aina nyingine.